Maji Kwanza, Barafu Mwisho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa pili, saa nane na robo mchana. Ukisikia mtu anasema ilikuwa saa tisa, huyo ni wa ofisini, na saa za ofisini huandikwa baadaye, watu wakishakaa wakakubaliana. Saa nane na robo feni ilitolewa kwenye chumba cha matunda. Saa tisa kasorobo mke wa Kaunta alikuwa chini, shavu lake juu ya maganda ya matango, kisu kingali mkononi.

Kaunta si jina lake. Ni kazi iliyomganda mwilini. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli ile miaka ishirini na miwili, akichanganya vinywaji vya watu wengine, mpaka jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye kitambulisho tu. Mkewe alikuwa mkata matunda wa hoteli hiyo hiyo, na wenzake walimwita Mama Kisu, kwa kuwa kisu chake hakikuazimwa. Ungeweza kumwomba viatu vyake akavivua akakupa. Kisu, uende ukatafute chako.

Chumba cha matunda kilikuwa nyuma ya baa, ukuta mmoja na mashine ya barafu. Mashine ile ina tabia yake ambayo wakubwa hawaijui, kwa sababu hawajawahi kusimama upande wake wa nyuma: ubaridi inaupeleka mbele, joto inalitema nyuma. Kila ndoo ya barafu iliyokwenda kwa wageni iliacha joto lake ndani ya kile chumba kisicho na dirisha, chini ya bati, pamoja na mwanamke mmoja na makreti ya mananasi. Kilichomwezesha kukaa humo ni feni moja kubwa ya kusimama, rangi ya kijivu, iliyozunguka huku ikikohoa kama mzee. Mama Kisu alifunga kitambaa cha bluu kwenye wavu wake, kipande cha aproni iliyochakaa. Kitambaa kikipepea, kazi inaendelea. Kikilala, anatoka nje kupunga hewa, na asitokee mtu wa kumuuliza.

Sasa, kile kinywaji. Umeandikwa uongo mwingi juu yake, tena kwa chaki ya rangi, kwa hiyo afadhali kielezwe kilivyokuwa.

Kulikuwa na chupa nyuma kabisa ya rafu, pombe kali, angavu kama maji, yenye harufu ya bizari tamu. Wageni wakiinusa walikunja pua na kusema ni dawa ya kikohozi. Ilikaa miaka mitatu inakula vumbi. Siku moja Mama Kisu alipita kuleta ndimu, akafungua kizibo, akanusa, akafumba macho. Pombe hakunywa. Maishani mwake hakuwahi kumeza hata tone, lakini pua yake ilikuwa na elimu kuliko vichwa vingi vya ghorofani. Akamwambia mumewe kwamba hiyo ni ile mbegu ambayo mama yake alikuwa akiichemsha watoto wakisokotwa na tumbo, na kitu kinachomtuliza mtoto anayelia hakiwezi kumshinda mtu mzima anayelalamikia joto.

Wakaanza kujaribu. Ilikuwa alasiri, zamu ya mchana imekwisha na baa iko tupu. Mke ananusa, mume anaonja. Alimkataza kusema kitu. "Ulimi wako una adabu sana," alimwambia. "Utaniambia kizuri ili nisinune. Acha uso wako useme, huo haujui uongo." Basi anameza, na mkewe anamtazama kwa makini kama fundi cherehani anayeangalia mshono, kisha anamwaga na kuanza upya.

Wiki mbili. Hatimaye wakakipata. Vipande vinne vya tango vipondwe na chembe ya chumvi. Nanaa isipondwe, ipigwe kofi moja tu kiganjani, maana ukiiponda inakasirika inatoa uchungu. Nusu ndimu. Kijiko kimoja cha shira. Kipimo kimoja cha ile pombe. Kisha maji baridi, taratibu, uzi mwembamba, na hapo ndipo macho ya mtu yanapopata chakula: kitu angavu kinaanza kuvimba wingu, kinageuka cheupe kama maji ya mchele mbele yako. Barafu inaingia ya mwisho. Hapo pa barafu ndipo pa kufa kupona. Ikiigusa pombe ile kabla ya maji, mafuta ya mbegu yanaganda, glasi inajaa magamba madogo kama mshumaa uliokwanguliwa kwa kucha. Waliharibu glasi saba kabla ya kulijua hilo. Na chupa yenyewe kuilaza kwenye friza ni kuiua kabisa.

"Maji kwanza, barafu mwisho," Mama Kisu akasema, na tangu siku hiyo akawa anaimba maneno hayo akimenya mananasi, kwa sauti mbaya sana. Hakujaliwa kuimba, na mumewe alimwambia hivyo kila siku. Sasa angetoa sikio lake moja ili asikie kwa lile lililobaki.

Wageni walikipenda. Hakikuwa na jina. Wahudumu walisema tu "mbili za Mama Kisu". Msimu wa joto ulipofika, mwenye hoteli, mzee mmoja anayekuja mara moja kwa mwaka, alikisikia huko aliko akaagiza kwamba siku ya kuja kwake na wageni wake watengenezewe glasi mia mbili. Siku yenyewe ndiyo ile Jumanne.

Hapa pana jambo ambalo Kaunta hakumwambia mtu, hata binti yake.

Kwa miaka minne alikuwa akiomba feni ya kaunta. Pale mbele nako kulikuwa na joto, barafu ilikuwa ikiyeyuka ndooni kabla hajaitumia. Kila msimu aliomba, na kila msimu aliambiwa iko kwenye mpango. Asubuhi ya Jumanne aliomba tena. Alimwambia meneja, mbele ya watu, kwamba glasi mia mbili bila feni itakuwa ni kuwanywesha wageni maji ya kunawia. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Mikono Mfukoni kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kitu, alitikisa kichwa akaenda zake.

Saa nane na robo fundi umeme akaja akiikokota feni. Akaichomeka pembeni ya kaunta, karibu na kiti cha mwenye hoteli. Upepo ukampiga Kaunta mgongoni. Akafungua kifungo cha shati. Akasema, "Afadhali." Na alikiona kile kitambaa cha bluu kinapepea kwenye wavu. Alikiona. Macho yaliona, kichwa kilikuwa kwenye glasi. Mpaka leo akilala chali anakiona kinapepea darini, na lile neno "afadhali" linamrudia mdomoni kama kitu kilichooza.

Yaliyotokea nyuma aliyapata baadaye kwa mama mwosha vyombo. Mama Kisu aliomba ruhusa mara mbili atoke nje avute hewa. Msimamizi wa jikoni alikuwa bwana mmoja aliyeitwa Malizia, kwa sababu hilo ndilo neno lake la asubuhi, mchana na jioni. Mara ya kwanza alimwambia, malizia kreti hilo. Mara ya pili alimwambia, malizia trei hizi mbili, mama, wakubwa wanasubiri. Akazimalizia. Ndivyo alivyokuwa. Trei mbili zikatoka zimepangwa vizuri, tango juu ya tango, na aliyezipanga akabaki sakafuni.

Karatasi ya daktari iliandikwa moyo. Hoteli ilileta shada la maua na kadi yenye saini iliyopigwa kwa mhuri. Hata kalamu walishindwa kushika.

Baada ya mazishi Kaunta alirudi kazini na swali moja tu. Hakuwa mtu wa shule. Aliishia darasa la nne, baba yake alipohitaji mikono ya kubeba matofali. Lakini swali lake halikuhitaji shule. Alitaka kujua ni nani aliyesema feni ile itolewe mle chumbani.

Alianza na Malizia. Malizia akasema yeye ni mtu wa jikoni, feni ni mambo ya umeme. Akamwendea fundi umeme, mtu waliyekula naye sahani moja miaka kumi. Fundi akaangalia viatu vyake. Akasema alitumwa. Na nani? Amri ilitoka juu, kaka, mimi ningefanyaje. Akapanda ghorofa ya kwanza kwa mama wa ofisi ya wafanyakazi, ambaye alimpa pole ndefu na kiti cha plastiki, halafu akasema masuala kama hayo yanatoka juu. Ghorofa ya pili, kwa mhasibu, juu. Ghorofa ya tatu, kwa Mikono Mfukoni mwenyewe, akaambiwa siku ile ilikuwa na mambo mengi, na maagizo mengine huja kutoka juu zaidi. Kaunta akatoka, akaikuta ngazi ya chuma, akaipanda nayo. Huko juu zaidi palikuwa na tangi la maji na njiwa wawili. Akawauliza njiwa. Angalau wao hawakumpa pole.

Alipowasimulia wenzake walicheka, naye akacheka. Nyumbani alikipiga teke kiti mpaka mguu ukavunjika, wa kiti.

Binti yake, ambaye alikuwa akiuza katika duka la dawa na bado alikaa naye, alimwandikia baba yake barua tatu za kuuliza hotelini, kwa mwandiko mzuri. Hazikujibiwa. Alipotaka ya nne binti alifunga kalamu.

"Baba, mimi nimebaki na mzazi mmoja. Namtaka akiwa na kazi yake na akili zake."

Alimjibu vibaya. Alimwambia kama angekuwa mtoto wa kiume asingesema hivyo, neno ambalo mama yake angekuwepo asingeliacha lipite. Binti hakulia. Alikusanya sahani, akaziosha polepole moja moja, na kwa siku nne alimwamkia bila kumwangalia.

Mwaka ukazunguka. Hoteli ikajenga baraza jipya mbele ya baa, mbao zimepakwa mafuta, viti vya kamba, miavuli ya turubai. Uzinduzi ukapangwa mwezi ule ule wa pili, alasiri, na mwenye hoteli angekuja. Siku tatu kabla, Kaunta aliingia kazini akakuta ubao mkubwa umesimamishwa mlangoni mwa baraza. Alisoma polepole, mdomo ukitembea na herufi.

UPEPO. Kinywaji baridi cha msimu wa joto. Kimebuniwa na Meneja wetu.

Chini yake palichorwa glasi nyeupe, jani la nanaa, na tango.

Alisimama pale mpaka mfagiaji akamzunguka kwa ufagio. Upepo. Katika maneno yote ambayo Mungu aliwapa watu midomoni, waliona hilo. Mwanamke alikufa kwa kukosa upepo, wakakichukua alichokiacha wakakiita upepo, wakamvika nacho mtu ambaye hajawahi kukata hata ndimu. Damu ilimpanda masikioni mpaka akasikia mashine ya barafu ikinguruma ndani ya kichwa chake. Lau angekuwa na kitu mkononi siku ile, ubao ungekuwa kuni.

Lakini hakuwa na kitu, na alipokuwa akihema hivyo akakumbuka kwamba mwenye hoteli anakuja. Yule wa juu kuliko juu zote. Anakaa saa moja, anakunywa, anapongeza, anaondoka mpaka mwaka mwingine. Kama swali lina mahali pa kwenda, ni pale kwenye kile kiti, katika ile saa moja. Baada ya hapo ni mwaka mzima wa njiwa.

Ijumaa, siku moja kabla, Mikono Mfukoni alishuka baa kutoa maagizo. Yeye mwenyewe atachanganya glasi za kwanza mbele ya wageni, kwa kuwa ni kinywaji chake. Alitaka chupa zote sita za ile pombe zilazwe kwenye friza tangu asubuhi, maana siri ya kinywaji cha joto, alisema, ni baridi.

Kaunta alimwambia kwa heshima zote kwamba ile chupa haipatani na friza.

"Kaunta," meneja akasema akitabasamu, na wahudumu wawili wanasikiliza, "aliyebuni kinywaji hiki ni mimi au ni wewe?"

Hapo palikuwa na majibu mengi. Kaunta aliyapitia yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Kisha akasema, "Ni wewe, mkubwa."

"Basi?"

"Basi friza, mkubwa."

Akazilaza tano. Ya sita aliifunga kwa kitambaa kibichi akaipeleka chumba cha matunda, akaiweka chini ukutani, pale ambapo mkewe alikuwa akiweka ndoo ya ndimu. Mkata matunda mpya alikuwa ameondoka tangu mwezi uliopita; wa tatu huyo. Hakuna aliyekaa mle zaidi ya miezi minne. Feni haikurudishwa kamwe. Iliganda barazani, imepakwa rangi nyeupe ili ifanane na viti, na kitambaa cha bluu kilikatwa, lakini fundo lake lilikuwa bado limeuma waya, limepakwa rangi juu yake.

Jumamosi saa kumi alasiri baraza lilijaa. Jua lilikuwa la kuchoma ngozi, wageni wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Mwenye hoteli alikaa kiti cha mbele, mzee mnene kiasi, shati jeupe, kofia magotini, na ile feni ikimpepea shingo. Malizia alisimama mlangoni mwa jikoni. Fundi umeme alikuwa karibu na soketi. Ukiwaangalia ungedhani wameitwa kupiga picha.

Mikono Mfukoni akaitoa mikono yake. Alikuwa amefunga aproni mpya yenye mikunjo ya dukani. Akasema maneno machache kuhusu alivyokaa siku moja na kuwaza namna ya kumburudisha mgeni. Kaunta alisimama hatua mbili nyuma yake.

Meneja akaifikicha nanaa kama anayefua soksi. Akajaza barafu mpaka ukingoni. Barafu kwanza. Kisha akachukua chupa iliyotoka kwenye friza, ukungu wa baridi umeivaa, na wageni wakafanya "aaah" kwa ile sura yake. Akamimina.

Kilichotoka hakikuwa angavu. Kilikuwa kizito, kina vipande, kikateremka juu ya barafu na kujikunja magamba meupe, na alipoongeza maji kwa haraka ili kukizamisha, magamba yakapanda juu na kukaa hapo. Glasi ya kwanza, ya pili, ya tano, zote sawa. Akazigawa hivyo hivyo, sijui alitegemea nini. Mama mmoja mwenye miwani ya jua aliinua glasi yake kwenye mwanga, akauliza kwa upole kama kuna sabuni iliyosahauliwa. Mgeni mwingine alitema kwenye leso. Watu waliokwisha kunywa wakaanza kutazamana kwa ile namna ya watu wanaojisikiliza matumbo.

Mwenye hoteli alionja, akarudisha glasi mezani. "Hiki sicho nilichokunywa mwaka jana," akasema.

Mikono Mfukoni hakupoteza hata nukta. Alimgeukia aliye nyuma yake. "Kaunta, umezifanya nini chupa hizi?"

Mwaka mzima Kaunta alikuwa amejiuliza atayaanzaje mazungumzo yake na mzee yule, naye meneja kwa kinywa chake mwenyewe akamfungulia mlango. Aliingia ndani, akapita baa, akafika chumba cha matunda. Joto lilimpokea usoni kama mkono wa mtu. Akakaa humo kidogo, pumzi tatu hivi, mgongo ukilowa. Akachukua chupa yake ukutani. Juu ya rafu, ndani ya bati la majani ya chai, kilikuwemo kisu ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa, hata wale watatu waliomfuatia. Akakichukua nacho.

Alipotoka barazani na kisu mkononi Mikono Mfukoni alirudi nyuma hatua moja, na Malizia mbili. Kaunta aliyaona hayo, na kwa mara ya kwanza katika mwaka alitamani kucheka. Akachukua tango.

Alikata vipande vinne vyembamba hata ukiweka kidole chini yake unakiona. Akavitia glasini na chembe ya chumvi, akavikandamiza. Akaweka nanaa kiganjani, akaipiga kofi moja, na mlio wake ukasikika baraza zima. Ndimu. Shira. Pombe, angavu, ikatulia chini bila doa. Kisha akainua jagi la maji juu, akayaachia yashuke uzi mwembamba, na lile wingu likaanza. Wageni wakasogeza viti. Cheupe kilipanda kutoka chini taratibu, kikalikumbatia tango, kikajaza glasi nzima, laini, bila gamba hata moja. Mwisho akatia vipande vitatu vya barafu, kimoja kimoja. Mdomo wake ulikuwa ukitembea. Aliyekuwa karibu angedhani anaomba dua.

Akaiweka mbele ya mwenye hoteli kwa mikono miwili.

Mzee akanywa. Akanywa tena. Uso ukamlegea, mabega yakashuka, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mzima tu aliyepata kitu baridi siku ya joto, kama Mama Kisu alivyotaka iwe kwa yeyote. Hilo ndilo lililomuuma Kaunta kuliko yote. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri hata kwa huyo.

"Hiki ndicho," mzee akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mke wangu. Ndiye aliyekibuni. Ubao huo unasema uongo."

Mzee akautazama ubao, akamtazama meneja, ambaye mikono ilikuwa imesharudi mfukoni. "Basi mkeo yuko wapi? Aje tumshukuru."

"Alifia kile chumba cha nyuma, mzee. Hatua kumi na nane kutoka hapo ulipoketi, nimezipima. Siku ile ile ulipokunywa ya kwanza. Alikuwa anakata matango ya hizo glasi ulizokuwa unakunywa." Sauti yake haikupanda. Alishangaa mwenyewe, alikuwa ameiandaa ipande. "Chumba hakina dirisha. Kilikuwa na feni moja. Ni hiyo inayokupepea."

Mwenye hoteli aligeuka akaiangalia feni kama mtu aliyeambiwa ana nyoka begani. Upepo ulikuwa ukimwinua nywele chache za utosini. Hakuna aliyeizima. Fundi umeme alikuwa amesimama kando ya soketi, mkono wake umbali wa shubiri moja, na hakuizima.

Mikono Mfukoni ndiye aliyepata ulimi kwanza. Alisema huu ni msiba, na hoteli ililia na familia, ila ukweli usemwe. Kisha akalitoa lile ambalo Kaunta alikuwa amelificha mwaka mzima, akaliweka mezani katikati ya glasi zenye magamba.

"Si wewe mwenyewe uliyeomba feni hapa kaunta? Asubuhi ile ile, mbele ya watu. Kama kuna aliyeiomba itoke, ni wewe."

Mama mwosha vyombo, aliyekuwa amejitokeza mlangoni na taulo begani, alifunika mdomo. Kaunta aliigeukia feni. Kumbe walikuwa wanalikumbuka. Mwaka mzima wa "juu", na kumbe hili walikuwa wameliweka akiba, wamelikunja vizuri, wakisubiri siku ya kulitumia. Alilitazama lile fundo lililopakwa rangi kwenye wavu. Akaona kwamba akinyamaza sasa, jibu litakuwa ni yeye, litaandikwa ni yeye, na wote watakwenda nyumbani kulala.

"Ni kweli," akasema. "Niliomba feni. Miaka minne niliomba feni. Na ilipokuja nilifungua kifungo nikasema afadhali, hilo ni langu, nitakufa nalo, hamna haja ya kunisaidia kulibeba." Akakichukua kisu, akakiweka juu ya kaunta, mpini kuelekea kwao. "Lakini mimi niliomba feni. Sikuomba ya mke wangu. Kati ya kuomba kwangu na kutolewa kwake kuna mtu katikati, ana mdomo, alisema ichukueni ile ya chumba cha matunda. Simtafutii jela. Nataka nimwone uso tu."

Akamtazama Malizia, Malizia akamtazama fundi umeme. Fundi akamtazama meneja. Meneja akainua macho kidogo, kwa mazoea, kuelekea juu, na huko juu safari hii alikuwa amekaa mzee mwenye shati jeupe, glasi mkononi, barafu yake ikiyeyuka.

"Ni nani?" Kaunta akauliza.